Mkunjo, kijitabu, mnyororo au jalada gumu? Kuchagua umbo la kitabu cha msanii

Tuseme unazo chapa 12 za lino, yaani picha zilizochapwa kwa vipande vya linoliamu vilivyochongwa, kila moja ikionyesha mlango mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja. Umezichonga mwenyewe, wino umekauka, na sasa unataka ziwe kitabu. Hatuzungumzii albamu ya kuhifadhia picha. Tunazungumzia kitabu cha msanii, yaani kazi ambayo karatasi, mkunjo, uzi na jalada vyote vimo ndani ya kinachosemwa.

Watu wengi huanza kwa kuuliza mshono upi unapendeza zaidi. Mimi ningeanza na mkono wa msomaji: unataka ufanye nini? Ufunue ukurasa baada ya ukurasa? Ukunjue kazi nzima mezani kwa mara moja? Au ukilaze kitabu wazi bila kukibana kwa kiganja? Ukishajibu hapo, maumbo kadhaa yanajiondoa yenyewe kwenye orodha. Kwa hiyo nitaipitisha milango ile ile 12 katika kila umbo, tuone inageuka kuwa nini.

Kabla ya uzi, karatasi

Hili huwa linarukwa, halafu kitabu kinajikunja kama papadi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Zikilala sambamba na mgongo wa kitabu, kurasa hufunuka kwa ulaini na mkunjo hukaa. Zikikatisha mgongo, karatasi hupinga, mkunjo hupasuka wino ukiwa mzito, na ukipaka gundi jalada linapinda. Kujua zimelala wapi ni rahisi: shika karatasi pande mbili uipinde taratibu bila kuikunja, kisha igeuze upande wa pili urudie. Pale inapopindika kwa urahisi, nyuzi zimelala sambamba na mpindo. Au chana kipande cha pembeni. Mchano unaofuata nyuzi hunyooka, unaozikata huenda upogo.

Shida ni kwamba rimu ya kawaida ya A4 inayouzwa steshenari, ya gramu 80, kwa kawaida nyuzi zake zimefuata upande mrefu. Ukiikunja katikati kupata A5, tayari umezikatisha. Dawa yake ni kununua A3 ambayo nyuzi zake pia zimefuata upande mrefu, kuikata vipande viwili vya A4, kisha kukunja hivyo. Sasa nyuzi zinasimama pamoja na mgongo. Kwa daftari la mazoezi usijisumbue. Kwa chapa zilizokugharimu wiki za kuchonga, jisumbue.

Mkunjo na kijitabu: barabara au chumba

Haya ndiyo maumbo mawili mepesi kuliko yote, na ndiyo yanayotofautiana zaidi kwa kile yanachosema. Kitabu cha mkunjo ni ukanda mmoja mrefu unaokunjwa mbele, nyuma, mbele, nyuma. Wamaya wa Amerika ya Kati walikunja hivyo karatasi zao za magome ya mti, Wachina walikunja hivyo maandiko ya Kibuddha, na Wabatak wa Sumatra walikunja hivyo vitabu vya waganga wao. Wasanii wa karne ya 20 waliupenda kwa sababu nyingine: unaweza kuusoma ukurasa mmoja mmoja, au kuunyoosha wote ukawa kitu kimoja. Mwaka 1913 mshairi Blaise Cendrars na mchoraji Sonia Delaunay walitoa Paris shairi la safari ya treni juu ya karatasi iliyokunjwa yenye urefu wa takriban mita 2, rangi zikiteremka kando ya maneno. Walipanga nakala 150, ambazo zikiunganishwa zingefikia urefu wa Mnara wa Eiffel. Mwaka 1966 msanii wa Marekani Ed Ruscha alipiga picha majengo ya pande mbili za mtaa mmoja wa Los Angeles na kuyaweka yote kwenye mkunjo wa zaidi ya mita 7.

Ruscha anatuonyesha moja kwa moja milango yetu itafanya nini hapa. Itakuwa mtaa. Kurasa 12 za A5 zilizosimama ni karibu mita 1.8 za ukuta, na msomaji anapita mlango hadi mlango kama mtu anayeteremka kutoka Darajani kwenda Forodhani. Kama milango uliichonga kwa mfuatano wa barabara halisi, au kama kuna kitu kinachoivuka kurasa (waya wa umeme, kivuli, paka), usitafute umbo jingine.

Vipimo vinakubali vizuri. Karatasi ya A2 ina milimita 594 kwa 420, kwa hiyo ukiikata katikati kwa urefu unapata kanda mbili, kila moja ikitoa kurasa nne za A5 bila kubaki kitu. A2 mbili zinakupa kanda nne. Tatu ni za kitabu na moja ya kuharibia. Hakikisha tu nyuzi zimelala upande wa milimita 420, ili ziwe sambamba na mikunjo. Kuunganisha kanda, usizipandishe moja juu ya nyingine. Weka kiraka chembamba cha karatasi nyepesi kwa nyuma, na kiungo kiangukie kwenye mkunjo. Karatasi iwe ya gramu 160 hadi 200. Chini ya hapo mkunjo hausimami wenyewe mezani, na juu ya hapo unahitaji kuuchora kwanza kwa ncha butu kabla ya kukunja.

Ubaya wake? Mkunjo hausamehe. Ukikosea nusu milimita kwenye mkunjo wa kwanza, ukifika wa kumi na moja kitabu kimekaa mshazari na hakuna gundi ya kukificha. Pia una tabia ya kuporomoka mikononi mwa msomaji asiyeuzoea: anashika jalada la mbele, kurasa zote zinamwagika sakafuni. Wapo wasanii wanaolitaka jambo hilo hilo litokee.

Kijitabu kinakwenda kinyume kabisa. Karatasi chache zinakunjwa katikati, zinaingizwa moja ndani ya nyingine, na mshono mmoja unapita kwenye mkunjo. Ni umbo la zamani kuliko unyenyekevu wake unavyodokeza: vitabu vya mafunjo vya Nag Hammadi, vilivyopatikana Misri ya juu mwaka 1945 vikiwa na majalada yao ya ngozi, vingi vyake ni fungu moja tu la karatasi lililoshonwa kwenye mkunjo. Kwa hiyo ukianza na kijitabu, huanzi na kazi ya watoto.

Unachohitaji ni sindano, msharasi kama wa fundi viatu wa kutobolea, na uzi wenye urefu wa karibu mara mbili na nusu ya kimo cha kitabu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: la kati, la juu na la chini. Ingia tundu la kati kutoka ndani, utokee nje; rudi ndani kwa tundu la juu; ndani ruka la kati uende moja kwa moja hadi la chini na utokee nje; rudi ndani kwa la kati. Sasa ncha mbili za uzi ziwe pande mbili za ule uzi mrefu wa ndani, zifunge fundo juu yake. Basi. Ukitaka fundo na mikia ya uzi vionekane mgongoni, anza nje badala ya ndani.

Hapa milango haionekani yote kwa pamoja. Ipo mmoja tu, kisha unaufunua. Na kwa sababu ukurasa una nyuma, unaweza kuchapa mlango mbele na ua wa ndani nyuma yake, mkono wa msomaji ukawa ndio unaofungua. Kwa mradi huu naona hilo lina nguvu kuliko mtaa mzima, ingawa ni suala la ladha. Angalia tu hesabu: milango 12 kwenye kurasa za kulia pekee ni kurasa 24, yaani karatasi 6 za A4, na ukurasa wa 1 utakuwa kwenye karatasi moja na wa 24, wa 3 na wa 22. Usichape kabla ya kutengeneza kielelezo cha karatasi taka chenye namba.

Kikomo cha kijitabu ni unene. Kadiri karatasi zinavyoongezeka, za ndani husukumwa nje na ukingo wa mbele unakuwa ngazi. Kwa karatasi ya gramu 80, karatasi 10 au 12 ni nyingi za kutosha. Kwa karatasi nzito ya chapa, hata 6 zitakutaka ukate ukingo upya kwa kiwembe kipya na rula ya chuma.

Mshono wa pembeni, kwa ufupi

Ule mshono unaoonekana ukipita ukingoni mwa jalada, wenye matundu manne, watu huuita wa Kijapani, ingawa ulienea China wakati wa ufalme wa Ming. Unapendeza kwenye picha, na ndiyo sababu kila anayeanza anautaka. Nadhani mara nyingi unachaguliwa kimakosa. Ulibuniwa kwa karatasi nyembamba, laini, iliyochapwa upande mmoja na kukunjwa mkunjo ukikaa nje, na karatasi hiyo huanguka yenyewe ikifunuliwa. Ukiuweka kwenye karatasi ya gramu 200, kitabu hakifunguki. Kinabanwa kama mdomo wa chaza, na sentimita moja na zaidi ya kila chapa inamezwa upande wa mgongo.

Una faida moja ya kweli: hauhitaji mkunjo. Kama chapa zako tayari ni karatasi moja moja na kuzichapa upya haiwezekani, na uliacha pambizo pana kushoto, huu ndio unaokuokoa.

Mnyororo: kitabu kinacholala wazi

Kitabu kikizidi fungu moja la karatasi zilizokunjwa pamoja, lazima mafungu yashikane. Njia ya kale ya kufanya hivyo bila gundi ni uzi unaotoka kwenye fungu jipya, unashuka kujipindia chini ya mshono wa fungu lililotangulia, kisha unarudi. Ukifika mwisho, mgongoni unaona minyororo midogo imesimama kama misuko ya nywele. Wakristo wa Misri walishona hivyo, na leo mafundi wengi duniani huuita mshono wa Kikopti. Ethiopia haukuwahi kukoma. Injili za monasteri ya Abba Garima huko Tigray, ambazo vipimo vya kaboni vinaziweka kati ya karne ya 4 na ya 7, ni kati ya vitabu vya Kikristo vya kale zaidi vyenye michoro vilivyobaki, na wajalidi wa Kiethiopia bado wanashona ngozi za mbuzi kati ya mbao mbili na kuvitia vitabu kwenye mifuko ya ngozi ya kubebea begani.

Kuna tofauti ya kiufundi kati ya njia mbili hizi ambayo anayechagua anapaswa kuijua. Njia ya Kikopti inayofundishwa siku hizi hutumia sindano moja na uzi mmoja mrefu unaopita matundu yote, kutoka juu hadi chini na kurudi. Ya Kiethiopia hutumia matundu kwa jozi: kila jozi ina uzi wake, na sindano mbili, moja kila ncha, zinapishana ndani ya fungu. Ya kwanza ni nyepesi kukumbuka, lakini uzi ukikatika kitabu kizima kinalegea. Ya pili inachanganya kichwa saa ya kwanza, ila kila jozi inajitegemea, hulazimiki kuvuta mita za uzi mara mia, na mkazo unadhibitika vizuri zaidi. Kwa kitabu kidogo cha A6 chagua Kiethiopia chenye jozi moja au mbili. Kwa A5 chenye matundu matano au sita, Kikopti kinatosha.

Sasa milango yetu. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili na kati yake unasimama mfaa, ule mwimo uliochongwa. Chapa mlango kwenye kurasa mbili zinazotazamana, mfaa uangukie kwenye mkunjo, na mlango utafunguka pale unapofunguka kweli. Kijitabu kina katikati moja tu, kwa hiyo kitakupa mlango mmoja wa namna hiyo. Mshono wa mnyororo una katikati kila fungu, na kila moja hulala bapa kabisa. Mafungu 12, kila moja karatasi moja ya A4 iliyokunjwa, yanakupa milango 12 mizima. Uzi utaonekana ukipita katikati ya mfaa. Chagua rangi yake ukilijua hilo.

Karatasi moja kwa fungu ina hatari: tundu huchanika kirahisi. Tumia gramu 160 au zaidi, na unapokaza vuta uzi sambamba na mgongo kuelekea unakokwenda. Ukiuvuta kurudi nyuma, unapasua karatasi. Uzi wa kitani uliopakwa nta ndio bora. Ule wa nailoni wa fundi viatu unapatikana kila soko na hauozi, lakini ni mkali na ukikazwa kwa pupa unakata kama waya. Urefu unahesabika: kimo cha kitabu mara idadi ya mafungu, ongeza vimo viwili vya majalada na kidogo cha kufungia. Kwa mafungu 12 ya A5 ni kama mita 3, jambo ambalo peke yake ni sababu ya kufikiria njia ya jozi.

Udhaifu wa mnyororo ni kwamba mgongo uko uchi. Vumbi linaingia, jua linaingia, na majalada yameshikwa na uzi peke yake. Nakala itakayowekwa kabatini itadumu sana. Itakayosafiri kwenye begi, ishonee mfuko au itengenezee boksi.

Jalada gumu, na jalada lenye ulimi

Jalada gumu la kawaida, la kadibodi mbili na mgongo wa kitambaa, linajulikana na kila aliyewahi kushika daftari la mahesabu ya duka. Linalinda, linasimama rafuni, na mnunuzi analiona ni "kitabu kweli". Lakini kwa kitabu cha msanii ninaliweka chini kuliko wengi wanavyoliweka. Hatua ni nyingi (kushona juu ya kanda za kitambaa, kupaka gundi mgongo, kitambaa cha wavu, kukata kadibodi ikizidi kurasa kwa milimita 3, kuvika, kubana usiku kucha), na kila hatua inayo nafasi yake ya kuharibu. Pwani, unyevu unaongeza muda wa gundi kukauka. Ukitoa kitabu chini ya uzito mapema, jalada linapinda. Uji wa wanga unasahihishika kwa kuwa unakauka taratibu, ila wadudu wanaupenda. Gundi nyeupe ya maseremala haina shida hiyo, lakini ikishashika imeshika.

Ukitaka kuvika kanga au kitenge, usipake gundi moja kwa moja kwenye kitambaa, kwa maana itapenya na kuacha madoa. Kibandike kwanza karatasi nyembamba nyuma kwa uji wa wanga, kikauke, kisha ndipo ukitumie. Na kama ni kanga, amua mapema jina, yale maneno yake, litakaa wapi. Nimeona majalada mazuri ambayo jina limekatwa katikati na kubaki nusu ya tusi.

Lipo jalada jingine ambalo watu wa pwani wamelishika mikononi bila kulifikiria kama chaguo: la misahafu ya zamani, lenye ulimi. Siyu, kisiwani Pate, ulikuwa mji wa wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi, na kazi zao za karne ya 18 na 19 zimefika hadi kwenye makumbusho ya nje. Katika jadi hii ya Kiislamu, jalada la nyuma linaendelea, linapita juu ya ukingo wa kurasa na ulimi wake unaingia chini ya jalada la mbele. Jalada ni sawasawa na kurasa, halizidi, kwa hiyo kitabu hulazwa bapa badala ya kusimamishwa. Ndani, mafungu yameshonwa kwa mnyororo vilevile, mara nyingi kwa matundu machache, kisha mgongo ukafunikwa kwa ngozi.

Ukilinganisha na jalada gumu la kawaida, ulimi una kazi mbili kwa pamoja: unalinda ukingo dhidi ya vumbi na unamlazimu msomaji kufungua kabla ya kusoma. Kwa vitabu vingi hiyo ni hatua ya ziada tu. Kwa kitabu cha milango, sijui umbo linalofaa kuliko hili. Si lazima ngozi. Manila nzito iliyovikwa kitambaa inatosha, na ukilifanya jalada laini lisilo na kadibodi, unaepuka nusu ya matatizo ya gundi niliyoyataja.

Nakala ngapi?

Kubaindi kwa springi au gundi ya moto pale steshenari nisikutaje kwa dharau. Kwa kielelezo cha kumwonyesha mfadhili, au katalogi ya maonyesho, ni haraka na nafuu. Ila springi inaweka tundu kwenye kila chapa, na kurasa zilizobandikwa kwa gundi ya moto huanza kudondoka moja moja zikifunuliwa kwa nguvu.

Kwa kazi ya mkono, idadi ndiyo inayoamua kuliko ladha. Nakala 30 au 50 za kuuza kwenye maonyesho: kijitabu, bila kusita, chenye jalada la manila na uzi wa rangi. Unaweza kushona ukiongea na mtu. Mkunjo unafaa hadi nakala 20 hivi, mradi una meza ndefu na uvumilivu wa kupima, kwa sababu kazi yote iko kwenye kukata. Mnyororo ni wa nakala 5 hadi 10, zilizotiwa namba na sahihi, kwa bei inayohesabu jioni zilizotumika. Jalada lenye ulimi ni la nakala moja au mbili.

Na maumbo yanaoana. Katika miaka ya 1970 Hedi Kyle, mhifadhi wa vitabu wa Marekani, aligeuza mkunjo kuwa mgongo na kubandika kadi kwenye kila kunjo pande zinazopishana, ukikivuta kitabu zote zinapepea kama bendera. Kijitabu kinaweza kushonwa kwenye kila bonde la mkunjo, ukapata vitabu vidogo vingi katika kimoja. Kwa milango 12, ningejaribu vijitabu vinne vya milango mitatu mitatu, kila kimoja mtaa wake, vikishonwa kwenye mkunjo mmoja wa manila ya gramu 220. Mabonde manne, matundu matatu kwa kila moja, na hakuna tone la gundi.